Lebo za Uji wa Muhogo

Aliyeanza kusema kwamba nimestaafu ni makamu mkuu wa shule. Nina miaka ishirini na saba. Kustaafu kwangu ni hivi: shule imeletewa mtaalamu wa maabara mwenye cheti, dada Edina kutoka Muleba, na mimi niliyekuwa nimeishika nafasi hiyo kwa mkataba wa bodi narudi nyumbani Rugu kwenye kahawa ya baba.

"Miaka tisa ni miaka tisa, waitu," makamu alisema kwa neno letu la kubembeleza. "Umestaafu, Kemilembe. Waandikie wenzako wanaokuja."

Nadhani alikuwa anatania. Lakini Edina alisema angependa kweli kusoma, kwa hiyo naandika. Naandika polepole. Niliishia darasa la saba na mkono wangu haujawahi kuwa na haraka. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua jioni mbili.

Siku ya kwanza niliingia maabara nikiwa na ufagio, kwa sababu nilichukuliwa kuwa mfagiaji. Nilikuwa mtu wa haya sana. Aliyekuwa na funguo za maabara ni Bi Zuhura, mama mnene wa familia yenye duka Kayanga, ambayo babu zake walitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho, changu cha kufundishwa shuleni baada ya Kinyambo.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Jina lako?"

"Kemilembe."

"Unaniambia mimi au unaiambia sakafu?"

Alinipa kitambaa akanionyesha meza. Nilifuta meza hiyo mara tatu ili nisiulizwe kitu kingine.

Kazi aliyonifundisha Bi Zuhura ilianza na makatazo. Usionje kitu. Usinuse chupa kwa kuingiza pua, ila upunge hewa kwa mkono ije yenyewe. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi kwenye asidi. Na neno chumvi humu ndani usilielewe kama la jikoni, maana kuna chumvi za shaba, za risi, yaani metali ya risasi, za zinki, na nyingine zinaua. Kila chupa ilikuwa na lebo, na kila lebo ilikuwa na herufi. Mimi nilifagia chini ya rafu zile nikitazama herufi kama mtu anayepita mbele ya nyumba za watu asiowajua.

Ukutani palikuwa na jedwali kubwa la elementi. Nililisoma nikifagia, mstari mmoja kwa siku. C ni kaboni, sawa. O ni oksijeni, sawa. Halafu nikafika sodiamu, nikakuta Na. Potasiamu ikawa K. Chuma, ambacho hata kwa Kiingereza hakianzi hivyo, kikawa Fe. Niliona aliyechora jedwali alikosea, na nilimsitiri kwa kunyamaza. Ilinichukua wiki mbili kumuuliza Bi Zuhura.

Alicheka mpaka akakaa. "Wewe nyumbani unaitwa nani?"

"Kemilembe."

"Na kwenye cheti cha ubatizo?"

"Adelina."

"Basi na hizi zina majina mawili mawili. Mjini inaitwa sodiamu, ila jina la Kilatini ni natriamu, na alama imeshika la Kilatini. Chuma ni ferumu. Risi ni plumbumu, ndiyo Pb. Zebaki alama yake ni Hg, kwa sababu waliiita maji ya fedha kwa lugha zao za kale. Wataalamu wa Ulaya walitoka nchi mbalimbali, kila mtu na lugha yake, wakawa wanaandikiana kwa Kilatini kama mapadri wenu."

"Na K?"

Hapo alijinyoosha. "K ni yetu. Ni kaliamu, na hilo neno mzizi wake ni Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea. Watu walichoma majani, wakapitisha maji kwenye majivu, wakapata potasi."

Hilo nililielewa kuliko yote. Bibi yangu alipika maharage magumu kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Kwa hiyo K ilikuwa imekaa jikoni kwetu miaka yote bila kujitambulisha.

Aliniambia pia kwamba zamani zaidi hazikuwa herufi. Walichora viduara, kimoja kina nukta katikati, kingine kina msalaba, kingine kimejazwa wino. Mtaalamu mmoja wa Uswidi, yapata miaka mia mbili iliyopita, akaona herufi zinaandikika kwa urahisi kuliko kuchora viduara. Akachukua herufi ya kwanza ya jina la Kilatini, na majina mawili yakigongana, akaongeza herufi ya pili. Ya kwanza kubwa, ya pili ndogo. Usikosee hapo: Co ni metali, CO ni hewa inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani.

Nilimpenda yule mtu wa Uswidi. Kwa anayeandika polepole kama mimi, alama ni rehema. Neno refu kama ukuta linageuka herufi mbili.

Siyo kwamba dunia inazihitaji alama hizo ili iendelee. Baba mdogo amechimba bati kwenye vilima vya Kyerwa tangu sijazaliwa. Nilipomwambia kwamba bati ni Sn, alisema, "Sawa, lakini bado liko chini ya jiwe." Akarudi kuchimba.

Sasa lebo. Edina, hapa usome vizuri. Bi Zuhura aliandika kwa penseli, kwa sababu wino huliwa na mvuke wa asidi. Aliandika alama, chini yake jina kamili, chini yake tarehe ya kufungua chupa. Alibandika kwa gundi ya dukani, ikikauka akaipaka mshumaa juu yote, ili tone likidondoka liteleze. Lebo zake zilikaa miaka mingi zikawa za rangi ya chai, lakini zilisomeka.

Mwaka wangu wa nne Bi Zuhura aliondoka kwa umri. Bodi ikanipa funguo. Mwalimu wa kemia, Mwalimu Mutalemwa, alisema hajaona mtu wa darasa la saba anayesoma jedwali lile kama rozari. Nilimwambia asante, nikitazama sakafu.

Kosa langu nililifanya mwaka wa sita. Ilikuwa likizo fupi ya wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Mwalimu Mutalemwa alikuwa amekwenda semina Bukoba. Mimi niliona lebo zile za rangi ya chai zinaaibisha maabara, nikataka akirudi akute kila kitu kipya. Niliziloweka chupa ishirini na tatu za unga na chembechembe, nikabandua lebo zote za zamani. Nikaandika mpya. Kwa sababu naandika polepole, niliandika alama tu, bila majina wala tarehe. Gundi ilikuwa imekwisha. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani tukibandika magazeti ukutani: nikapika uji mzito wa muhogo, nikapaka. Zilinyooka vizuri sana. Nikafunga mlango nikaenda Rugu kuvuna maharage.

Niliporudi, rafu zilikuwa na vipande vya karatasi kama makapi. Panya na mende walikuwa wamekula uji wote, na karatasi iliyoshikana nao. Chupa zilikuwa tupu usoni.

Hapo ningeweza bado kuokoka, kwa sababu zilikuwa zimesimama kwa mpangilio wake, na kwa mpangilio huo ningezikumbuka nyingi. Lakini mimi ni mtu wa usafi. Niliona kinyesi cha panya, nikazishusha chupa zote chini ili nipige deki rafu. Nilifanya usafi kwanza nikafikiri baadaye. Nilipomaliza, rafu ziling'aa, na sakafuni palikuwa na chupa ishirini na tatu zilizochanganyika, nyingi zikiwa na unga mweupe.

Mtihani wa vitendo ulikuwa umebaki siku kumi na moja.

Niliketi nikaanza kuandika lebo upya kwa kukisia. Ndiyo, nilianza. Chupa hii ilikuwa na kifuniko kilichopasuka, kwa hiyo ni fulani. Hii ilikuwa nzito. Niliandika lebo tisa. Kwa ya kumi nilishika chupa mbili mikononi, zote nyeupe, zote chembechembe ndogo. Nilijua katika zile ishirini na tatu kuna chumvi ya risi, ambayo ni sumu, na kuna watoto ambao hunyonya pipeti, ule mrija wa kupimia, kwa mdomo hata ukiwakataza. Kalamu ikasimama. Nikachukua bodaboda mpaka Kayanga.

Bi Zuhura alikuwa dukani kwa kaka yake, anapima sukari.

"Umebandika kwa nini?" aliuliza nilipomaliza.

"Uji wa muhogo."

"Uliweka na sukari?"

"Hapana."

"Ungewawekea basi, wageni wako hao." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Mwalimu wako anajua?"

"Bado. Nilitaka wewe uje, uniambie ipi ni ipi. Wewe umekaa nazo miaka yote."

"Mwanangu, unga mweupe ni unga mweupe. Hata mimi niliwajua kwa nguo zao tu, na nguo umewavua." Alifunga mfuko wa sukari kwa uzi. "Nenda kamwambie mwalimu. Usimwambie ulichokisia. Mwambie usichokijua."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kosa lenyewe. Mtu wa darasa la saba akipewa funguo za maabara, neno analoogopa kuliko yote ni sijui. Anaona kila mtu analingojea.

Mwalimu Mutalemwa alirudi Jumatatu. Nilimsubiri mlangoni na zile lebo tisa mkononi, nikamweleza yote, uji, panya, deki. Hakupandisha sauti. Alizipitia rafu, akashika ukingo wa meza.

"Unazozijua kwa hakika ni ngapi?"

"Tatu. Ile ya buluu ya shaba, ile ya kijani ya chuma, na ile ya zambarau."

"Na hizi ulizoandika?"

"Nilikisia."

"Zilizobaki?"

"Sijui, Mwalimu."

Alizichukua zile lebo tisa akazitia kwenye ndoo ya taka. "Washa jiko dogo la gesi," alisema. "Tuziulize zenyewe."

Tulizipa chupa namba, moja mpaka ishirini. Kwa siku tatu, kila baada ya vipindi, tulifanya kazi ile ile ambayo watahiniwa hufanya. Unachukua waya mwembamba, unausafisha kwa asidi na moto, unauchovya kwenye unga, unautia motoni. Moto wa njano mkali ni Na. Moto wa rangi ya tofali ni kalisi, Ca. K hutoa zambarau hafifu ambayo njano kidogo tu huimeza, kwa hiyo unaitazama kupitia kipande cha kioo cha buluu. Kile kioo kipo kwenye droo ya kushoto, kimefungwa kwenye soksi, usikitupe. Namba sita ilipotoa zambarau niliona haya kidogo, kama mtu aliyekutana na ndugu mjini.

Nyingine tuliziuliza kwa asidi, zikatoa povu au zikakaa kimya. Moja ilipopashwa na maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ilinuka kama choo cha bweni, Mwalimu akasema hiyo ni ya amonia na haihitaji utangulizi. Risi ilikuwa namba kumi na nne. Ilikuwa moja ya zile mbili nilizokuwa nazo mikononi wakati kalamu iliposimama.

Siku ya tatu jioni ilikuwa imebaki namba kumi na saba. Iliyeyuka kwenye maji. Ilionyesha kuwa ni salfeti. Tukaitia tone la kostiki, ikatoa mashapo meupe mazito, tukazidisha kostiki, mashapo yakayeyuka. Hayo hufanywa na risi, na zinki, na alumini. Risi tulikuwa tumeshaipata. Ikabaki zinki au alumini. Kuzitenganisha unahitaji maji ya amonia, na chupa yetu ya amonia kifuniko kilikuwa kimelegea, nguvu yote imetoka.

Tukafungua daftari la stoo. Lilisema zote mbili zilinunuliwa, na moja iliisha. Ipi iliisha halikuandikwa. Aliyepaswa kuandika ni mimi, na sikukumbuka kama kwenye zile lebo zilizoliwa niliandika Zn au Al.

Barua ya maandalizi ya mtihani ilikuwa mezani. Ilitaka chumvi ya zinki. Kwa wasiojua: sampuli wanayopewa watahiniwa haina jina, kazi yao ni kulipata hilo jina. Msahihishaji ana jibu moja mbele yake. Ukiweka chumvi nyingine kwenye kikombe, mtoto atafanya kila kitu sawasawa na atakosa.

Makamu mkuu aliingia wakati huo kuangalia kama tumemaliza.

"Imebaki moja tu," Mwalimu alimwambia.

"Na barua inataka zinki? Basi si ndiyo hiyo! Kwa nini muhangaike, waitu?"

Mwalimu alikuwa amechoka, siku tatu hajala mchana. Alichukua karatasi, akaandika ZnSO₄ kwa mwandiko wake mzuri wa haraka. "Ukubwa wa chembe unafanana," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Na zinki tuliinunua nyingi zaidi." Akaninyooshea. "Bandika."

Niliishika. Ilikuwa lebo nzuri kuliko zangu zote. Wote wawili walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa mtu aliyesababisha yote hayo, mtu ambaye kwa haki angebandika akanyamaza.

"Mwalimu," nilisema, "umeiuliza?"

"Nini?"

"Hii. Zile nyingine tuliziuliza zenyewe. Hii tumemuuliza makamu."

Makamu alinitazama kana kwamba ufagio umezungumza. Kisha akacheka kwa nguvu. "Huyu naye! Miaka yote hii nilidhani ni bubu!"

Mwalimu hakucheka. Aliikunja karatasi akaiweka mfukoni. "Kesho asubuhi nenda Kibingo," alisema. "Kuna shule pale upande wa Kyerwa, mhudumu wao anaitwa Deusi. Mwombe amonia."

Kaka Deusi alinipa nusu chupa ndogo, akaifunga kwa nailoni mara tatu, akaniambia niibebe mbele nisiikalie. Nilirudi na vumbi hadi kwenye kope. Mwalimu alikuwa darasani, akawaachia wanafunzi zoezi akaja.

Kwenye testityubu alitia maji ya namba kumi na saba, halafu amonia, tone kwa tone. Mashapo meupe yakatokea, kama tui. Zinki ingeyeyuka akizidisha. Akazidisha. Akatikisa. Akazidisha tena mpaka harufu ikatutoa machozi. Mashapo yalikaa pale pale.

"Alumini," alisema.

Alitoa ile lebo mfukoni, akaichana mara mbili, akanipa karatasi mpya na penseli. Niliandika Al₂(SO₄)₃, chini yake jina kamili, chini yake tarehe. Ilinichukua muda mrefu na hakunihimiza.

Tulikuwa hatuna zinki hata chembe. Nilirudi Kibingo kesho yake kuiazima. Kaka Deusi aliuliza kama nimehamia. Angekuwa Bi Zuhura angekuwa ameniambia niombe vyote viwili siku ya kwanza, na huo ndio ushauri wangu kwako, Edina: ukienda kuazima, azima na jibu la pili.

Mkuu wa shule aliniandikia karipio, mistari minne. Sikuona cha kubisha. Lipo kwenye faili langu na limeandikwa vizuri. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mitatu zaidi, na sina mengi ya kusema juu yake, kwa sababu lebo zilikaa.

Siku ya mtihani wa mwaka ule niliweka vikombe arobaini na kimoja mezani, kila kimoja na kijiko cha zinki ya Kibingo. Sheria hairuhusu mhudumu kukaa ndani mtihani ukianza, kwa hiyo nilikwenda kwenye karo la nje kuosha vyombo vya jana yake. Saa zilipoisha walitoka kwa makundi, mikono ina madoa, wakiongea wote kwa pamoja. Wasichana wawili walisimama karibu nami.

"Mimi nimeandika alumini," mmoja alisema.

"Alumini wapi? Ulizidisha amonia?"

"Nilitia matone mawili."

"Wee! Ungezidisha yangeyeyuka yote. Yangu yameyeyuka mbele ya macho yangu. Ni zinki ile, nakuapia."

"Unaapa na hata yule msimamizi hajui!"

Yule wa zinki akanigeukia. "Dada Kemi, hebu tuambie. Ni zinki au siyo?"

Niliinua testityubu nikaitazama kwenye mwanga kama imetakata. Kisha nikamtazama yeye, usoni.

"Mimi ninaosha vyombo," nilisema, na wote wawili wakaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimetabasamu kabla sijajizuia.